Wahame, Si Wahamie

Ujumbe wa kamati ya usalama wa mtaa uliingia katika simu zetu mchana, joto la kiangazi likiwa limewafukuza hata kuku uani: "Moto umevuka kilima. Wakazi wote wahamie bondeni mara moja."

Niliusoma tena. Bondeni ndiko kwenye matete makavu, kijito kilichokauka na njia moja tu ya kutokea, na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea huko huko. Aliyekusudia kuandika "wahame" alikuwa ameandika "wahamie". Irabu moja, nayo ilikuwa ikiwaita watu motoni. Na mdogo wangu, mjane mwenye pumu, anaishi bondeni.

Nilimpigia katibu wa kamati.

"Mwanangu, sahihisha ujumbe wako. Umeandika wahamie."

"Shikamoo, Bibi. Leo si siku ya sarufi. Moto haujui ngeli."

"Moto haujui, lakini watu wanajua kusoma! Umewaambia waende bondeni badala ya kutoka."

"Kila mtu ameelewa, Bibi. Hata kwenye tangazo la taka ulinikalia kooni kwa ajili ya 'hizi' na 'haya', na taka yakazolewa."

"Zikazolewa?" nilitaka kuuliza, lakini alikuwa amekwisha kukata simu.

Kweli kila mtu alikuwa ameelewa, ila alichokielewa ni kile kilichoandikwa. Majirani walikuwa wakifunga milango na kuteremka na magodoro vichwani. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, naye alikuwa akiwapakia watoto katika pikapu yake.

"Unakwenda wapi?"

"Bondeni, Mama. Kamati imesema."

"Kamati imekosea. Tazama moshi unakoelekea."

Akatazama. Si mtu wa maneno mengi. Aliwateremsha watoto, akamkabidhi seremala wa nyumba ya pili awapeleke barabara kuu, kisha akawasha gari. Tulipokuwa tukiteremka nilimpigia mdogo wangu.

"Toka nje, tunakuja kukuchukua."

"Nitoke vipi, dada, na wageni wanakuja? Nimekwisha kutandika mikeka. Watu wote wa juu wanahamia huku."

"Wameandika vibaya! Wahame, si wahamie!"

"Hama, hamia, si kitenzi ni hicho hicho? Wewe tangu utotoni huli mpaka umeisahihisha sahani."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwambia hivyo, naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma.

Tulimkuta mlangoni ameziba pua kwa upande wa kanga. Nyuma ya nyumba matete yalikuwa yakipasuka kama mahindi kikaangoni, na cheche zilikuwa zimekwisha kushika paa la jiko. Mkwe wangu hakumwomba apande; alimbeba, akamweka kitini, akageuza gari.

Njia ya kupanda ilikuwa imejaa watu wanaoshuka.

"Rudini!" nilipiga kelele dirishani. "Moto uko huku!"

"Bibi, tumesoma wenyewe," alijibu mwenye duka, godoro kichwani na redio kwapani.

"Ndiyo kazi yake," mwingine akadakia. "Leo anasahihisha moto."

Wakacheka. Wakacheka, na majivu yakiwaangukia mabegani! Nilikuwa nimefundishwa kwamba sentensi iliyojengwa vizuri humfikisha msikilizaji mahali pake. Nilijenga ya kwanza, nikajenga ya pili, wao wakawa wanalipita gari kulia na kushoto. Mkwe wangu akaliweka gari mkingamo katikati ya njia, akazima injini.

"Sogeza gari, mama!"

Hapo mdogo wangu alifungua mlango, akashuka. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, macho yamevimba. Alitaka kusema, pumzi ikakataa. Akaushika mlango, akahangaika, mpaka maneno mawili yakatoka.

"Kwangu kunaungua."

Basi, hayo tu. Aliyekuwa mbele aligeuka, godoro lake likampiga wa nyuma, wa nyuma akageuka naye, na njia nzima ikaanza kupanda, watu wakiitana majina na kuvuta watoto. Tulimrudisha mdogo wangu ndani, nikamshikia dawa yake ya kuvuta mdomoni mpaka kifua kilipoanza kutulia.

Mwenye duka alipita karibu na dirisha langu akihema, jasho likimtiririka.

"Lakini nawe, Bibi," alisema kwa uchungu, "ungetuambia mapema."

Nilifungua kinywa. Mkwe wangu akapiga honi, nikakifunga.