Pikapu ya Nyaguthii Isiyonguruma

Mwaka ule petroli ilipoadimika, maziwa ya wafugaji wa Kapsoya yalianza kumwagwa. Lori lililoyachukua lilikuja likitaka, na siku nyingine halikuja kabisa. Asubuhi moja Jeruto, mwenyekiti wa kina mama wafugaji, alibeba mtungi mgongoni hadi Eldoret mjini. Alipofika, maziwa yalikuwa yameganda. Akautua mbele ya kibanda cha Nyaguthii, mjane aliyechaji betri za redio na za magari karibu na soko.

"Nyaguthii, nipe maji ya kunywa," alisema. "Ng'ombe hawajui petroli imeisha."

Nyaguthii alicheka, lakini maneno yale hayakumtoka akilini. Nyuma ya kibanda ilikaa pikapu ya marehemu mumewe, Kiarie, injini imekufa, kuku wakitaga ndani. Na juzijuzi kiwanda kimoja cha nguo kilikuwa kinauza vyuma kuukuu, pamoja na kigari cha kuinulia mizigo kilichotumia betri. Nyaguthii ndiye aliyekuwa akizichaji betri zake.

"Ile mota ya kigari cha kiwandani iliinua marobota ya pamba," alimwambia Jeruto. "Itashindwaje na maziwa?"

Kina mama wakachanga, mota ikanunuliwa pamoja na betri zake. Wanyonyi, fundi wa kuchomelea, aliing'oa injini na kuifunga mota mahali pake, na betri zikapangwa chini ya ubao wa nyuma. Waweru, ndugu wa Kiarie, alikuja akasimama mikono kiunoni.

"Shemeji, hilo ni gari la ndugu yangu. Watu watasema umerukwa na akili."

"Waache waseme. Kiarie alilipenda likitembea, si likifuga kuku."

Waweru aliondoka bila kuaga.

Siku pikapu ilipofika Kapsoya mara ya kwanza, ilikuja kimya hata mbwa hawakubweka. Watu walitoka mashambani kuitazama, wakajaa barabarani. Haukupita muda, chifu akafika kwa baiskeli, jasho likimtiririka, kwa maana hata Land Rover yake ilikuwa imelala.

"Nani aliwapa kibali cha mkutano?" aliuliza kwa ukali.

"Si mkutano, Mzee," Jeruto alijibu. "Ni maziwa."

Watu waliogopa kucheka. Chifu akafungua boneti, akachungulia, akaifunga taratibu.

"Injini iko wapi?"

"Haina, Mzee," alisema Nyaguthii. "Inakula stima tu."

Chifu aliizunguka pikapu mara mbili. Mwishowe akainua baiskeli yake, akaipakia nyuma kati ya mitungi.

"Twendeni basi. Nina kazi mjini."

Walikwenda vizuri mpaka kile kilima cha kuingia mjini. Hapo pikapu ikaanza kujivuta, harufu ya waya ulioungua ikajaa, na gari likasimama. Nyaguthii alishika usukani, machozi yakimlengalenga. Aliwaza maziwa ya watu, na maneno ya shemeji yake.

Jeruto alikuwa ameshashuka. "Mbona mnakaa? Sukumeni!"

Kina mama waliopanda nyuma wakashuka, wakasukuma. Chifu naye akavua kofia akaegemeza bega. Kisha Nyaguthii akasikia sauti anayoijua ikiita, "Shikilia usukani sawa, shemeji!" Alikuwa Waweru. Alikuwa amewaona kutoka dukani kwake, akaacha wateja akaja mbio.

Maziwa yalifika yakiwa mazima. Jioni hiyo Waweru mwenyewe alileta waya mnene zaidi, akakaa na Wanyonyi wakaunga upya. Aliongea kidogo tu. "Kiarie angefurahi," alisema, akainamia kazi.

Tangu hapo pikapu ililala nyuma ya kibanda ikichajiwa, na alfajiri ikaelekea Kapsoya. Ilipanda kilima polepole, lakini ilipanda.

Petroli iliporudi, lori nalo lilirudi likipiga honi kwa fujo. Kina mama waliliangalia likipita, wakaendelea kumsubiri Nyaguthii, ambaye hakuwa amewaangusha wakati wa shida. Kisha Ndungu, mkulima wa viazi, akatoka Burnt Forest akivuta kwa trekta gari bovu la babake, akauliza kama na lake laweza kufanywa hivyo.

Nyaguthii alipandisha mikono ya sweta yake.

"Fungua boneti tuone," alisema.