Kufa kwa Simu

"Fumba midomo," Palesa alisema, na Mthobisi akaifumba. Kisha akakiona kile kichupa cha mng'aro wa midomo mkononi mwa Palesa, akaifumbua tena.

"Mng'aro wa nini? Si tulikubaliana hakuna mng'aro?"

"Kaka, mimi mpaka vipodozi tu, naletewa maagizo. Wamesema ing'ae kidogo ili watu wajue."

"Wajue nini? Tangu Januari wananiona kila jioni, bado hawajajua?"

Palesa akacheka kwa pua. Alimpaka kidogo, akatazama mlangoni, halafu akaupangusa wote kwa kidole gumba. Walikuwa wamekaa chumbani kwa Mama Dlomo, mjane wa mtaa wa KwaThema, Afrika Kusini, ambaye nyumba yake ilikodiwa siku ile kwa ajili ya tamthilia ya saa moja na nusu usiku. Mama Dlomo mwenyewe alikuwa jikoni akiwakaangia mafundi wa kamera magwinya, yale maandazi ya huko, anaimba. Aliposikia kuna posa inachezwa nyumbani kwake alifurahi mno, akatoa kabatini blanketi lake la harusi, lile ambalo hata wanawe hawaligusi, akamfunika nalo Mthobisi mabegani kwa mikono yake. Posa ya nani na nani, hakuuliza. Na wale waliokodi nyumba, kwa ujanja wao, hawakumwambia.

Sasa huyu Mthobisi Hadebe alikuwa ameshakufa mara tatu kwenye televisheni. Mara ya kwanza alikufa kwa Ukimwi, kitandani hospitalini, huku akimwomba mkewe msamaha. Mara ya pili alichomwa kisu nje ya baa, na hata sentensi moja hakupewa. Mara ya tatu alikufa kwa simu. Hicho ndicho kifo wanachokiogopa waigizaji wote, kwa sababu hata kazini huitwi. Mwenzako anainua simu, anasema "Nini? Lini?", simu inaanguka, basi, habari yako imekwisha. Mara zote alikuwa ni mtu yuleyule, mwanamume mweusi anayependa wanaume. Ungedhani nchi nzima ina mmoja tu, wanamuua halafu wanamwajiri upya. Na pale asipokufa walimpa kibeti, wakamwambia akate kiuno na kupiga vigelegele watu wacheke.

Nje ya kamera alikuwa akiishi Germiston na Lebohang, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Mwaka uliopita Lebohang aliwaomba wajomba zake wampelekee posa Estcourt, kwa akina Hadebe. Wajomba walisema hawawezi kubeba aibu na kwenda kuisimamisha kwenye lango la watu. Yakaishia hapo. Lebohang hakulizungumza tena, ila tangu siku hiyo hakwenda tena kwa wajomba hata Krismasi.

Ndiyo maana siku ile ilikuwa nzito kwa Mthobisi kuliko kazi. Alikuwa akimcheza Sandile, mwalimu wa hesabu asiye na kibeti wala vigelegele, na kila kimoja kati ya hivyo alipigana mpaka kikaondolewa. Leo washenga wa mpenzi wa Sandile walikuwa wanakuja langoni. Wangeita, wangesubirishwa kama kawaida, kisha lango lingefunguliwa, na Sandile angeishi. Jana yake alimpigia mama yake simu Estcourt.

"Alhamisi utazame, mama. Safari hii sifi."

"Baba yako atakuwepo sebuleni."

"Mwache awepo."

Kabla kamera haijawashwa, fujo ikaanzia langoni. Mzee Ndimande, aliyekodiwa kuwa mshenga mkuu, alikuwa ameshika skripti mbali na macho na anafoka. Huyu mzee ni mshenga wa kweli, kila Jumamosi yuko kwenye lango la mtu na koti lake jeusi. Alipoambiwa leo anamposea mwanamume mwanamume mwenzake alitema mate kando. "Dunia imekwisha," alisema, "lakini koti nimeshavaa." Kilichomkera sasa kilikuwa kingine.

"Hapa pameandikwa 'majina ya ukoo', halafu hakuna kitu. Niite nini? Niite kuku?"

Mwongozaji, Fortuin, mwanamke wa Cape Town asiyejua Kizulu, alitazama saa. Mgao wa umeme ulikuwa unaanza saa kumi na jenereta ilikuwa haina mafuta. "Ita yoyote, mzee. Nani atajua?"

"Nani atajua! Makubwa haya. Mama, nchi nzima itajua. Langoni haliitwi jina lolote tu, huitwa ukoo wa wenye nyumba."

Mthobisi alikuwa ameshatoka nje na blanketi lake. "Ita Hadebe," akasema.

Mzee alimpima toka juu mpaka chini. "Hadebe wa nani?"

"Wangu."

"Baba yako anajua kwamba unawagawa mababu zake kwa watu wa kamera?"

"Hajui."

"Mtajuana wenyewe," Ndimande alisema, akampa mgongo.

Lakini kuita aliita. Hilo tumpe. Mthobisi akarudi chumbani, akaketi kwenye mkeka, blanketi likamfunika kichwa, na sauti ya yule mzee aliyetema mate ikaja kutoka barabarani, nene, haina haraka, ikiyaita majina ya sifa ya akina Hadebe. "Bhungane! Mthimkhulu! Mashwabada, uliyemla ng'ombe pamoja na pembe zake! Tumesimama nje, tunaomba njia!" Akaita tena. Akaita tena. Mthobisi aliambiwa kwenye skripti atabasamu, na hakuweza. Alilia kwa sauti chini ya blanketi la mjane, kamera ikiwa usoni pake, na alipomaliza Fortuin alisema ilikuwa safi sana. Lango litafunguliwa baada ya chakula.

Wakati wa chakula alipanga foleni ya ugali na nyama. Washenga wake walikuwa wameketi kwenye benchi, na alipokaribia wakatandaza makoti yao pale palipobaki nafasi. Nje ya uzio watu wa mtaa walikuwa wameongezeka. "Bibi harusi! Umepika nini leo?" Kijana mmoja akakata kiuno, wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyevaa sare ya kanisa hakucheka. Alimwita Mama Dlomo kwenye uzio, akamnong'oneza, na uso wa Mama Dlomo ukabadilika palepale.

Hakumjia kwa ugomvi. Alikuja taratibu, akalishika blanketi pembe mbili, akalivuta kutoka mabegani mwa Mthobisi huku sahani iko mkononi.

"Nililipokelea hili mbele ya Mungu," alisema. "Halifuniki mambo hayo. Naomba usinichukie, mwanangu."

"Sikuchukii, mama."

"Na hiyo sahani ukimaliza uiweke kando. Nitaiosha peke yake."

Wakati huohuo gari la Moatlhodi likaingia. Moatlhodi ndiye mtayarishaji, viatu vyeupe, manukato, kila mtu kwake ni kaka yangu. Mkononi alikuwa na kurasa mpya.

"Kaka yangu, Juu wamesema."

Huyo Juu hajawahi kuonekana na mtu. Hana jina, hana uso, hali nyama wala ugali, ila kila kitu kizuri kinachofutwa, amekifuta yeye.

"Wamesema nini?"

"Watazamaji hawako tayari. Lango halifunguliwi."

"Watazamaji gani? Wale wa Jumatatu, waliomtazama mganga akioa dada wawili wa tumbo moja? Hao walikuwa tayari?"

"Usinifanyie hivyo. Mimi niko upande wako. Sikiliza basi: wanaita, wanaita, wanamwagiwa maji machafu, wanaondoka. Wewe ndani unasikia. Unameza vidonge. Kipindi kizima, kaka, ni wewe tu na kamera! Kuna tuzo hapo."

"Nitakuwa nimekufa mara ya nne."

"Na kila mara umekufa vizuri."

Mthobisi alimtazama vile viatu. Hasira ilikuwa imempanda, lakini kuna kitu kilimgutusha kuliko hicho kifo. "Na yale majina ya asubuhi?"

"Majina gani?"

"Aliyoyaita mzee. Ni ya kwetu. Yabadilisheni, muite ya kubuni."

"Aa, hayo yanabaki. Sauti ilitoka safi mno. Na umeme huo unakatika, tutabadilisha saa ngapi?"

Sasa mtu asiseme huyu alikuwa na deko. Ukoo ukiitwa langoni, lazima mwenye ukoo aitikie, hata kama ni kuja kusema hapana. Ukinyamaza umejikana. Na majina hayo kumwagiwa maji machafu, mbele ya nchi nzima, baba yake yuko sebuleni Estcourt! Naye Mthobisi angekuwa ameyatoa kwa mdomo wake mwenyewe. Kosa lilikuwa lake, na hakuwa na mtu wa kumsaidia kulibeba.

Wakajipanga. Kamera moja barabarani, moja chumbani. Bila blanketi walimfunga pazia la jikoni, likamfika viwikoni. Vidonge vya sukari vikawekwa kwenye kisahani.

"Ekshen!"

"Bhungane!" mzee Ndimande akaita. "Mthimkhulu!"

Mthobisi akasimama. Akaliacha pazia sakafuni, akapita sebuleni mbele ya Nombulelo, mwigizaji aliyemcheza mama wa Sandile, aliyesimama na beseni la maji tayari. Akavuka uwanja. Komeo lilikuwa na kutu, akalivuta kwa mikono miwili, lango likafunguka likilia.

"Kata! Kata! Mthobisi, unafanya nini?"

"Hadebe wameitwa," alisema. "Na Hadebe aliyepo hapa ni mimi."

Kofia ya mzee Ndimande ilikuwa imeshatoka kichwani. Mkono wake uliivua wenyewe, ni mazoea ya Jumamosi zote hizo. Akaiona mkononi mwake, akairudisha kwa hasira.

"Anayeposwa hafungui lango mwenyewe! Hukufundishwa?"

"Nilifundishwa, baba. Nionyeshe mtu mwingine atakayelifungua."

Mzee akatazama uwanjani. Mama Dlomo alikuwa amekumbatia blanketi lake. Mafundi walikuwa wanatazama nyaya. Ndimande alisonya.

"Bibi harusi katoka mwenyewe!" wakapiga kelele watu wa uzioni. "Ana njaa huyo!"

Moatlhodi alikuja mbio, na safari hii hakusema kaka yangu. "Toka. Nje kabisa. Umenisikia? Utakufa kwa simu."

Hawakupoteza hata dakika. Kurasa mbili za zamani zikafutwa majina na kuandikwa Sandile. Nombulelo akakalishwa sebuleni na simu mezani, kamera ikaelekezwa kwake na dirisha nyuma yake. Mthobisi alikuwa amesimama langoni upande wa barabara, lango wazi, watu wanamtupia maganda ya machungwa.

Msaidizi mmoja akaja, anaona haya. "Kaka, samahani. Unaonekana dirishani. Sogea kidogo tu, tukulilie."

"Sisogei."

"Lakini umekufa, kaka. Watu watakuona uko hai."

"Ndiyo. Kawaambie."

Msaidizi akarudi ndani. Fortuin akasema vuteni pazia, likavutwa, dirisha likawa jeupe. Nombulelo akainua simu, macho yakamjaa machozi mapema, ni fundi yule mama.

"Nini?" alisema. "Lini? Sandile wang—"

"Bhungane!" ikaja sauti ya Mthobisi kutoka langoni. "Mthimkhulu! Mashwabada, uliyemla ng'ombe pamoja na pembe zake!"

"Kata. Tena."

"Nini? Lini?—"

"Bhungane!"

Fundi wa sauti akavua vya masikioni, akaviweka mezani, akatazama saa ya ukutani, ilikuwa inakaribia kumi.

"Sauti haifai," alisema. "Bado anaita."