Mkia wa Tausi

Mkia ulianza kulala nikiwa bado juu ya ngazi, ndani ya dirisha la duka la nguo.

Nikashuka, nikarudi nyuma kutazama. Tausi wangu wa karatasi, mrefu kunishinda, alikuwa analegea manyoya ya kushoto.

"Baba watoto, unaona ninachoona?" mke wangu akanong'ona.

"Naona."

Nimekunja karatasi tangu utotoni. Kazi ya ghala la saruji niliiacha kwa ajili ya ndege huyu. Msimamizi alinicheka mbele ya wapakiaji wote: "Mtu mzima na ndevu zake anakwenda kuchezea karatasi! Usirudi kunililia hapa." Kesho yake nafasi yangu ilikuwa na mtu.

Nikapapasa unyoya mmoja. Kunjo lilikuwa limepasuka. Karatasi ina nyuzi kama ubao. Ukikunja kwa kuzifuata, inasimama, ukizikatiza, inalegea. Kwenye vitu vidogo huoni tofauti, na mimi maisha yangu yote nimetengeneza vidogo. Upande wa kushoto niligeuza karatasi, nikazikatiza nyuzi, ili vipande visipotee. Ubahili tu.

"Tumwambie mwenye duka?" mke wangu akauliza.

"Atatufukuza."

"Usipomwambia, mkia utamwambia wenyewe."

Nikachukua mkasi, nikaanza kukata manyoya ya kushoto. Mwenye duka akatokea mbio.

"Fundi! Unamchinja ndege wangu?"

"Nimekosea, mama. Upande huu hautasimama. Naukunja upya."

"Wateja wako mlangoni!"

Akautazama mkasi, akanitazama mimi, kisha akavuta pazia la dirisha.

"Kunja. Nikilifungua nisione pengo."

Nikapiga magoti sakafuni. Mke wangu akapaka gundi. Kila kunjo nililisikiliza kama litapasuka. Nje watu walikuwa wanagonga kioo.

Pazia likafunguliwa. Sikuthubutu kutazama mkia. Nilitazama nyuso za watu. Mwanamke mmoja akamwinua mwanawe ili aone vizuri.

Mwenye duka hakunisifu. Aliukagua upande wa kushoto, unyoya kwa unyoya, kisha akasema, "Mwezi ujao nataka twiga. Afike darini."

"Tutamleta," mke wangu akadakia.

Mimi nikaifikiria ile shingo. Nikatafuta kiti, nikakaa.