Ulingo wa Nchi ya Lau

Ubishi hauna mshahara, lakini Pazi wa Mlandizi aliutumikia kuliko shamba lake. Kila Ijumaa baada ya swala alikaa kijiwe cha kahawa na rafiki yake Mihambo, wakawapiganisha kwa maneno mabondia wa uzito wa juu ambao hawakupata kuonana. Pazi alikuwa upande wa Chande Radi, bingwa wa leo. Mihambo alikuwa upande wa bingwa wa zamani, marehemu Kasanda Nyundo, ambaye ndiye baba yake mzazi. Pazi Mzaramo, Mihambo Mnyamwezi, watani tangu enzi za mababu. Na mtani husema lolote, mradi meno yawe nje. Ijumaa hiyo Pazi aliona anazidiwa maneno, akasimama, akakunja uso: "Baba yako alipiga makuli wa bandarini, hakupata kupiga bondia!" Wala hakucheka. Mihambo akaweka kikombe chini, kahawa ingali nusu.

"Kesho usijisumbue," akasema. "Mshenga wa mwanangu nitamtafuta mwingine."

Pazi akarudi nyumbani moyo ukimuuma, maana kuipeleka posa ile aliahidiwa tangu kijana wa Mihambo anatambaa, na rafiki kama yule hapati wa pili. Akajilaza kwenye jamvi, akajitetea peke yake kwamba hakukosea, na katikati ya kujitetea usingizi ukamchukua.

Akajiona yumo katika Nchi ya Lau, ambako hakuna lililowahi kutokea ila kila kitu kingetokea. Miti yake ilichanua maua yasiyofunga matunda, mito ilinguruma bila maji, na njia zote ziliishia kwenye ulingo mmoja, umezungukwa na umati uliokauka sauti kwa kubishana. Langoni alisimama Ubishi, jitu la mdomo mpana lisilo na masikio, na kando yake Kiburi, kanzu yake imetiwa wanga hata hawezi kuinama. "Mtu wetu huyo!" wakapiga kelele, wakamvuta wamkumbatie. Lakini mwanamke mwenye taulo begani, mfano wa wale wanaowahudumia mabondia konani, akamshika mkono taratibu.

"Mimi ni Insafu, sauti ya haki," akasema. "Hawa unawaita kila Ijumaa, mwanangu. Mimi hujaniita hata siku moja, lakini nimekuja."

Akampeleka mpaka kwenye kamba. Pazi akawaona Nyundo na Radi wameketi benchi moja, kona moja, kijana akimfunga mzee bandeji mikononi kwa adabu.

"Mbona hawapigani?"

"Kila mmoja alipambana na wa zama zake, akamaliza kazi. Wanaopigana hapa ni ninyi. Tazama katikati."

Katikati ya ulingo alilala Mihambo, kifudifudi, na refa aitwaye Wakati alikuwa akihesabu kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Nne. Tano.

"Nani kampiga ndugu yangu?" Pazi akalia.

"Itazame mikono yako," akasema Insafu.

Akaitazama, akaziona glovu. Aibu ikamwingia mpaka miguuni. Akataka kuruka kamba, Kiburi akamkamata shati: "Ngoja aanze yeye! Utamwangukia mtu kwa neno moja?" Sita. Saba. Kamba za glovu zilikataa kufunguka, na aliyekuja kuzifungua alikuwa Nyundo mwenyewe, kwa vidole vyake vinene.

"Makuli niliwapiga kweli," mzee akasema bila hasira, "nao walinipiga. Wewe mwanangu umempiga akiwa na kikombe mkononi."

Nane. Pazi akamponyoka Kiburi, shati likabaki kule, akapiga magoti karibu na rafiki yake, machozi yakimtoka, na cheko likimpanda pamoja na machozi. "Amka, Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani hawakulala njiani, leo wewe unalazwa na neno la Mzaramo?"

Tisa. Mihambo akafumbua jicho moja. Bega likamtikisika, kisha tumbo, kisha akaangua kicheko na kusimama wima. Umati ukalipuka kwa shangwe, mito ikajaa maji, mabingwa wawili wakawanyanyua mikono juu, na lile jitu Ubishi likaanza kuota masikio.

Pazi akaamka shangwe ingali masikioni, na maana ikamjia mara moja: katika mapambano yote yale ya miaka, hakuna bondia aliyepigwa hata ngumi; aliyepigwa ni mmoja tu. Hakungoja hata kuvaa viatu. Alimkuta Mihambo barazani anakula chakula cha jioni, akaketi bila hodi.

"Nimekuumiza, ndugu yangu. Lile halikuwa utani, lilikuwa ngumi. Nisamehe." Kisha, kwa haki ya mtani, akapeleka mkono sahanini na kunyakua kipande kikubwa cha nyama.

"Baba angemlaza huyo Radi wako raundi ya tatu," akasema Mihambo.

Ubishi ukampanda Pazi mdomoni. Akameza nyama kwanza.

"Ya tatu? Mzee Nyundo? Angengoja nini mpaka ya tatu? Ya kwanza!"

Mihambo akacheka mpaka akakohoa, akamsogezea sahani. "Kula, Mzaramo, umalize. Na kesho kanzu iwe safi, usinitie aibu ukweni."