Bomba la Kuazima

Riziki alikuwa amepiga magoti katikati ya zulia la ukumbi wa hoteli moja mjini Mtwara, mkono wa kulia unapampu, wa kushoto umeziba shingo ya bomba dawa isimmwagikie. Ikawa inammwagikia vilevile. Lilikuwa bomba dogo la mkononi, la wenye bustani za maua. Shingo yake ilipasuka tangu masika, akaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na sasa dawa ilichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kilikuwa kimebanduka ngozi. Mdomo wa bomba nao, badala ya kutoa mnyunyizo mwembamba wa kusambaa, ulikuwa unatema tu, kama mzee mwenye ugoro.

Na kazi ya zulia, jamani, iko hapo mwanzoni. Kabla brashi haijapita, kabla mashine haijafyonza, hupulizwa kwanza dawa ya kulegeza uchafu, nayo yatakiwa ilale sawasawa, nyembamba, kila unyuzi upate chake. Ikiwa hapa dimbwi na pale pakavu, zulia likikauka linatoa mabaka. Yakitoka mabaka, anayeitwa ni Riziki.

"Umeshalilowanisha tena," alisema Alhaji Nassoro, mwenye kampuni, akiwa mlangoni. Hakuvua viatu.

"Bomba, Alhaji. Limechoka."

"Limechoka bomba au umechoka wewe? Maana wasiochoka wamejaa pale getini."

"Mimi sijachoka, Alhaji," Riziki alisema haraka, na akajichukia kwa ile haraka.

Alikuwa kibarua wa kampuni ile tangu binti yake Somoe hajaanza shule, na sasa Somoe yuko darasa la tatu. Mtoto ana seli mundu. Viungo vikimshika analia usiku kucha, na hospitalini kila kitu kinataka mfuko. Alhaji alikuwa ameahidi kumwajiri rasmi, apate kadi ya bima ya afya, yeye na mwanawe. Ahadi hiyo alikuwa akiitoa na kuirudisha kama mtu anayemchezea paka kwa kamba. Kwa kadi ile Riziki angeinywa hata hiyo dawa ya zulia.

"Haya," alisema Alhaji, sauti imelainika. "Nimeahidi mbele ya jamaa kwamba zulia la msikiti litafuliwa lote kabla ya Maulidi. Sadaka yangu hiyo. Kesho twende ukachague bomba zuri. Hii kazi ikienda vizuri, lile jambo lako tunalimaliza."

Walikwenda kwenye duka la pembejeo, maana huko ndiko mabomba yaliko. Msimu wa mikorosho ulikuwa unaelekea ukingoni, duka linanuka salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, mpaka barabarani. Petro, muuzaji, aliyapanga mabomba juu ya meza. Kulikuwa na la mkononi, jipya, lenye mdomo wa shaba unaozungushwa. Kulikuwa na la mgongoni lenye mpini wa kupampu. Kulikuwa pia na la betri.

Riziki alilishika lile la betri. Petro alitia maji kidogo, Riziki akabonyeza, na mnyunyizo ukatoka mpana, laini, ukaanguka sakafuni bila kishindo. Alibonyeza tena. Moyo wake ulifurahi, akajiona tayari yuko msikitini, anatembea wima, hapigi magoti, kazi inakwisha mkono ukiwa mzima.

"Hili, Alhaji."

"Lina nini hilo?"

"Hilo hakuna kupampu, bosi," Petro alisema. "Anabonyeza tu, linafanya kazi lenyewe."

"Linafanya lenyewe!" Alhaji alicheka, akamgeukia Petro. "Sasa nimlipe yeye kwa kubonyeza?"

Petro alicheka, maana mteja akicheka muuzaji hucheka. Riziki naye alitabasamu. Ndivyo alivyozoea, kutabasamu pale anapochekwa, na tabasamu lile lilimwasha usoni kuliko kofi.

"Basi lile la mkononi, Alhaji. Lile la shaba nalo litafaa."

Alhaji aliligeuza lile la shaba, akauliza bei, akaliweka chini. "We Riziki, kwenu si Mpapura?"

"Ni Mpapura."

"Watu wa Mpapura kila nyumba ina bomba la mikorosho, nami nije kununua bomba mjini? Utashindwa kuazima kwa wajomba zako?" Alishaanza kutoka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada."

Ndivyo lilivyochaguliwa bomba la kufulia zulia la msikiti.

Kijijini Mpapura Riziki alimkuta mjomba wake, mzee Salumu, ameketi kwenye jamvi, macho mekundu na yanatoa machozi kama kila msimu wa kupuliza. Kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na Riziki hakumficha kitu ila kimoja. Hakusema kwamba tajiri alikataa kununua. Alisema bomba la ofisini limeharibika ghafla.

"Shikamoo njomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Lipo hilo, nimemaliza kupuliza mbu wa mikorosho juzi tu. Lakini lisuuze sana, mpira huwa unakunywa dawa."

Mbu wa mikorosho ni kadudu kadogo, ila dawa yake si ndogo. Riziki alilisuuza lile bomba la mgongoni kisimani, kwa sabuni ya unga, kwa mchanga, kwa maji tele. Akalinusa. Lilinuka kama nyumbani. Huo ndio ukweli, na ndio ulioponza watu. Mtoto aliyekulia chini ya mikorosho hanusi ile dawa. Alikuwa na mama anayepika upepo wa salfa ukipita jikoni, alichota maji ya kunywa kwa madumu ya dawa yaliyosuuzwa, alilala kwenye chumba kimoja na mabomba ya mjomba. Harufu ile kwake ilikuwa harufu ya watu kuwa na kazi. Akajitwisha bomba, akashukuru, akarudi mjini.

Msikitini waliingia asubuhi, swala ya Alfajiri ikiwa imeisha, yeye na kibarua mwenzake Esta, mwenyeji wa Songea. Bomba la mjomba lilifanya kazi, lilifanya kazi kweli. Riziki aliliweka mgongoni, akakaza ule mdomo mpaka mnyunyizo ukawa mwembamba, akatembea safu kwa safu, dawa inalala sawasawa kuanzia kibla hadi mlangoni.

"Riziki," Esta alisema, ameziba pua kwa mtandio. "Hili bomba lako linanuka."

"Linanuka nini?"

"Sijui. Linanuka sumu. Tusimame kwanza."

"Ni harufu ya shamba tu hiyo. Huku kwetu ndivyo vitu vinavyonuka."

"Kwenu sawa. Mimi macho yananiwasha."

"Basi katoke nje ukapumzike, mwanamke!" Riziki alimfokea. "Kazi ikichelewa ataulizwa nani, wewe au mimi?"

Esta aliokota brashi yake, akaendelea kusugua. Kibarua hamwambii kibarua mwenzake mara mbili.

Ilibaki kusuuza. Walikuwa wamekwisha kuvuta ndoo za maji pale Alhaji alipoingia na simu mkononi, akawapiga picha, akajipiga na yeye mwenyewe mbele ya mihrabu.

"Maji ya nini yote haya? Zulia likilowa mpaka chini litakauka lini? Watu wanaswali Adhuhuri hapa, kesho Maulidi. Pitisheni mashine mara moja, inatosha."

"Alhaji, dawa ikibaki kwenye nyuzi—"

"Itabaki ndiyo inukie. Mashine, twende."

Wakapitisha mashine mara moja.

Maulidi yalisomwa, watu walijaa mpaka barazani, zulia linang'aa kijani kama jipya. Alhaji alitajwa kwenye kipaza sauti, akaombewa dua, akashika ndevu zake kwa unyenyekevu. Riziki alikuwa upande wa wanawake. Hakuna aliyemtaja, naye hakutaka kutajwa. Alifurahi, basi. Alifurahi kwamba watu wanasujudu juu ya kazi yake.

Kesho yake alikutana na muuza kahawa wa mtaa wa Magomeni hapohapo Mtwara, paji lake la uso limeiva, lina malengelenge. Akamwona fundi cherehani, paji la uso hivyohivyo, na ncha ya pua. Akapishana na wazee wawili, paji, pua, viganja. Katika mtaa mzima aliweza kumtambua aliyeswali na asiyeswali. Kadiri mtu alivyosujudu kwa kukawia ndivyo alivyoungua. Watoto wa madrasa, wanaoshinda pale wamekaa na miguu mitupu, walikuwa wanakohoa na kutapika, na mjukuu wa muadhini alilazwa, anahema kwa shida.

Hapo ndipo Riziki alipoelewa, akakaa chini barabarani, kwenye vumbi. Dawa ya zulia kazi yake ni kulegeza kilichoganda. Ililegeza uchafu wa zulia, na kabla ya hapo ikalegeza kila kilichokuwa kimeganda ndani ya bomba la mjomba, msimu juu ya msimu. Maji na mchanga wa kisimani havikuwa vimefika huko. Na Esta alimwambia! Alimwambia, akamfokea. Aibu ilimshika mpaka akashindwa kuinua uso kumwitikia mtu salamu.

Alhaji alimfuata kwa gari kabla kamati ya msikiti haijakaa. Alimfungulia mlango wa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Riziki, wataka kumfunga mjomba wako?"

"Hapana, Alhaji."

"Maana ukitaja bomba la mikorosho, watakuja wapimaji, watakuja polisi. Wataanzia kwa mwenye bomba. Mzee yule, na macho yale uliyonisimulia." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Sema ulizidisha sabuni. Sabuni haina kesi, watu watapaka mafuta watapona. Na lile jambo la bima nalisaini mimi mwenyewe, mwisho wa mwezi. Somoe hajambo?"

"Hajambo," alisema Riziki. Jina la mwanawe lilimtoka Alhaji kinywani kwa mara ya kwanza, na lilimtisha.

Kwenye baraza ya msikiti wazee walikuwa wamekaa na mapaji yao yaliyopakwa mafuta ya nazi. Riziki alisimama mbele yao, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu," Shehe Shafii, imamu wa msikiti, alimuuliza kwa upole, na ule upole ndio uliomuua. "Ulitia nini kwenye zulia letu?"

"Sabuni, Shehe. Niliizidisha. Ni makosa yangu, mnisamehe."

"Sabuni tu? Maana daktari anauliza, yule mtoto hali yake si nzuri. Kama kuna kingine, sema, hatutakudhuru."

Alhaji alikohoa kidogo.

"Sabuni tu," Riziki alisema.

Wazee wakamsamehe. Mmoja alisema mwanamke wa kukiri kosa lake siku hizi haonekani. Alhaji akasimama, akasema kwamba ingawa kosa ni la kibarua, yeye kama Muislamu hawezi kuwaacha, ataleta zulia jipya, na gari lake liko tayari kuwapeleka wagonjwa. Wakamwombea dua. Riziki aliinua mikono pamoja nao, akaitikia amina.

Zulia la zamani lilikunjwa likatolewa nje, likaegemezwa ukutani. Hakuna aliyesema lichomwe, maana nani achome zulia kwa sababu ya sabuni? Na zulia la msikiti lina baraka. Mpaka jioni watu walikuwa wameshalikata kwa visu, huyu la mlangoni, huyu la kitandani, huyu la kumlazia mgonjwa.

Riziki alipoingia uchochoroni kwao alimkuta jirani yake Mwanahawa ametandika kipande barazani, mwanawe mchanga anatambaa juu yake kwa tumbo.

"Mwanahawa, mtoe mtoto hapo! Kitupe hicho!"

"Nikitupe? Sisi tunalala kwenye sakafu, nipate zulia nitupe?" Mwanahawa alimtazama. Wanawake wengine walitoka milangoni, na vipande vyao. "Si ulisimama mwenyewe kwa wazee ukasema ni sabuni? Ni sabuni au si sabuni?"

Riziki alimwona mjomba wake akisukumwa kwenye karandinga. Aliona kadi ya Somoe. Aliona yule mtoto anavyopeleka ngumi yake kinywani.

"Ni sabuni," alisema. "Ila haikusuuzwa. Nipeni niwafulie. Wote, leteni, nawafulia bure."

"Na wewe una moyo, Riziki," Mwanahawa alisema, akamwinua mwanawe. "Mwingine angejificha."

Wakamletea vipande, mlundo mlangoni kwake. Alifua kwa mikono mitupu. Alisugua, akasuuza, akamwaga, akachota tena maji ya kukopa kwa jirani, akasugua. Mikono ilianza kuwasha, kisha ikaunguza, akasugua kwa nguvu zaidi kama anayeomba adhabu yake. Wanawake walipita wakamsifu. Maji ya povu yalishuka uchochoroni, yakajaa kwenye shimo mbele ya nyumba, meupe mazuri, na watoto waliotoka kucheza wakayaona.

"Tokeni! Tokeni hapo!"

Walicheka, wakarukaruka, wakatupiana povu.

"Waache, mwenzangu," Mwanahawa alisema. "Lini umeona sabuni imeua mtoto?"

Riziki aliinuka, akakimbia, akampiga kofi la shavu yule aliyekuwa karibu. Mtoto akageuka. Alikuwa Somoe.

"Mama! Kwani nimefanya nini?"

Uchochoro mzima ulikuwa unamsubiri ajibu. Povu la mkono wake lilikuwa limebaki kwenye shavu la mtoto, linateremka kuelekea mdomoni. Riziki alipiga magoti, akashika pindo la kanga, akaanza kumfuta, na kanga nayo ilikuwa imelowa maji yaleyale.