Mume wa Baadaye

Mwaka ule Waasia walipofukuzwa Uganda, Lila alitua London na sanduku moja na Kiingereza cha kuokoteza. Mumewe, Chaman, alikuwa ameteremshwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, njiani kwenda Entebbe. Kupitia dirisha la basi alimwambia mkewe, "Tangulia. Nitakuja baadaye."

Uwanjani, mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akipokea wageni alimuuliza mume yuko wapi. Lila alilitafuta neno la baadaye, akalipata nusu. "My husband, late." Yule mama akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlenga, akamvisha koti jeusi la sufu. Lila akaona, kumbe Waingereza wana huruma hivi.

Alipata chumba Hounslow, nyumbani kwa Bi Mwanabaraka, Mzanzibari aliyekimbia kwao baada ya mapinduzi. Kiswahili kiliwaunganisha. Siku moja wakiwa dukani, muuzaji alimpa Lila pole ya mumewe, naye akashukuru kwa tabasamu. Bi Mwanabaraka akaduwaa. Walipofika nyumbani alimkalisha kitako.

"Mwanangu, atakayekuja baadaye huyo ni 'later'. Ukisema 'late', umesema marehemu."

Lila aliyakumbuka majibu yake yote. Kumbe kila alipoulizwa, alikuwa akimzika mtu aliye hai. Kesho yake alikwenda kwenye ofisi ya kuwasaidia wakimbizi, akamkariria karani neno lile moja, later, later, mpaka karani akaogopa kwamba Lila atalia.

Hazikupita siku nyingi akaja Talib, jirani yao wa Jinja. Naye aliteremshwa kizuizini pale pale, akaponea chupuchupu. Alieleza huku akitazama sakafu: Chaman alipigwa risasi kabla vumbi la basi halijatua.

"Basi pale uwanjani nilisema kweli," Lila akasema. "Nani alinitia neno lile kinywani?"

Bi Mwanabaraka alimwambia ulimi hauui mtu, lile lilikuwa kosa la lugha tu.

Majira ya baridi yalipoingia, giza likawa linashuka alasiri. Hapo ndipo Lila alipoanza kusikia hatua zikipanda ngazi na kusita mlangoni pake. Bi Mwanabaraka alisema ni mbao za nyumba kuukuu. Mpaka siku moja, wakichambua dengu pamoja, hatua zikapanda, zikasita, na mlango ukagongwa taratibu kwa vidole. Bi Mwanabaraka aliacha kuchambua, midomo ikimcheza kwa Ayatul Kursi.

Lila alijitanda sari kichwani, akafungua. Hapakuwa na mtu.

Hakuufunga mlango. Alisimama kizingitini akazungumza na ule utupu kwa Kigujarati, kwa kirefu na bila haraka, kama mke anayemsimulia mumewe habari za kutwa. Bi Mwanabaraka hakuelewa hata neno moja, wala hakumuuliza. Alisikia tu, Lila alipomaliza, hatua zikishuka ngazi moja moja, na mlango wa chini ukifungwa.