Mtama Uitwao Sijui

Devota aliviona kwanza vibao vya kuonyesha mistari ya mtama. Vilikuwa palepale vilipochomekwa, lakini mtama wa mstari wa tatu ulikuwa umevipita hatua moja.

Alimwonyesha Jenipher, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika mambo ya mbegu na kukodi kipande hicho cha shamba, hapo Kidete, kwa fedha za wafadhili. Jenipher alileta futi kamba, akapima sentimita sitini na mbili, akaandika kwenye safu ya "Mengineyo". Kesho yake mtama ulikuwa umesogea tena, ukielekea ng'ambo ya mfereji, liliko kaburi la Magreti, mama yake Devota.

Kidete nzima waliuita mtama wa Magreti, kwa kuwa ulitoka mkononi mwake. Lakini siku Jenipher alipokuja kuomba mbegu na kuuliza inaitwaje, Devota, aliyeishia darasa la tano na kulelewa asimtaje mzazi kwa jina, alitazama vidole vya miguu yake akasema, "Sijui." Jenipher akajaza fomu. Jina la mbegu: Sijui.

Tangu hapo Devota hakutulia. Kila asubuhi alikwenda shambani na jina la kusahihisha, akaamkia, akamwagilia, akarudi nalo nyumbani.

Mtama uliendelea kutembea. Ulipokatiza uwanja wa mzee Lazaro, alikuja kulalamika.

"Umepita kwangu bila hata hodi," alisema. "Mbuzi wangu wana adabu kuliko utafiti wenu."

Jenipher alimwomba radhi. Msimamizi wake, Dokta Hezekia, alisema kwa simu kwamba kutembea si tatizo. Swali ni kama kunarithiwa. Wafadhili walipoliona jedwali la vipimo waliongeza miaka miwili ya utafiti, wakataka mbegu iombewe usajili. Jenipher alijaza tena. Jina la mbegu: Sijui. Mgunduzi: Jenipher Masunga.

Siku ya kuvuna, mtama ulikuwa umelizunguka kaburi. Jenipher alikata masuke yote, na Devota akamshikia mifuko ya karatasi. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Dada," alisema.

"Niambie, mdogo wangu. Gari linasubiri."

Devota alisema jina la mbegu limekosewa. Jenipher alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole kwamba fomu imeshatumwa na haifunguki tena. Labda awamu nyingine. Akapanda mbele, mifuko mapajani. Nyuma yao mabua matupu yalipiga hatua moja kuelekea barabarani, na dereva akayasubiri yasimame ndipo awashe gari.

Devota alishika kioo cha dirisha.

"Anaitwa Magreti," alisema. "Ni mama yangu. Aliuchagua mtama huu suke kwa suke, miaka kumi na moja, na hakuna aliyemfadhili."